Viungo Vimetulia, Uchovu Umebaki

Mgonjwa wa baridi yabisi au lupasi anaijua hali hii. Umemeza methotrexate yako bila kuruka wiki, vidole havijavimba, kipimo cha uvimbe kwenye damu kimeshuka, na daktari anakutazama akiwa ameridhika. Kisha anauliza, "Nyumbani unaendeleaje?" Nawe unasema ukweli: "Viungo vimetulia, daktari, ila mwili hoi. Nikikaa tu, nasinzia." Hapo mambo mawili hutokea kwa urahisi mno. Ama unaambiwa uchovu ni sehemu ya ugonjwa wako, uzoee. Ama prednisolone inaongezwa kidogo, eti ugonjwa haujatulia vizuri. Kabla hujakubali lolote kati ya hayo, lilete mezani swali ambalo kliniki yenye foleni ndefu haina muda wa kuliuliza: usiku unapumuaje?

Tukilala, misuli mingi hulegea, ikiwamo ile inayoliweka koo wazi. Kwa watu wengine koo ni jembamba kiasi kwamba likilegea linabonyea, kama mrija wa soda unaovutwa kwa nguvu. Hewa inapungua au inakatika kabisa. Kifua kinahangaika kuvuta, oksijeni inashuka, ubongo unashtuka na kukuamsha nusunusu, koo linafunguka kwa mkoromo mkubwa, nawe unarudi kulala bila kukumbuka chochote. Madaktari huiita apnia ya usingizi. Pumzi ikikatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi, hilo huhesabiwa tukio moja. Matukio 5 hadi 14 kwa saa ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ni ya kati, 30 na kuendelea ni kali. Sasa piga hesabu: mwenye matukio 30 kwa saa akilala saa 7, koo lake limeziba au kubanwa mara 210 usiku mmoja, na asubuhi ataapa kwamba alilala usingizi wa pono.

Si hali adimu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yaliweka idadi ya watu wazima wa miaka 30 hadi 69 walio nayo duniani karibu na bilioni 1. Lakini picha iliyokaa vichwani mwetu, na vichwani mwa matabibu wengi pia, ni ya baba mnene mwenye shingo fupi anayekoroma mpaka majirani wanagonga ukuta. Baridi yabisi na lupasi huwapata wanawake zaidi. Kwa lupasi, karibu wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake. Na mwanamke mwenye apnia mara nyingi hakoromi kwa kishindo. Hulalamikia uchovu, usingizi wa mang'amung'amu, kichwa kuuma asubuhi, moyo mzito; mambo yaleyale ambayo tayari yameandikwa kwenye faili lake kwa jina la lupasi. Ndiyo maana tatizo la pili linaweza kujificha nyuma ya la kwanza miaka na miaka.

Wala magonjwa haya hayakutani kwa bahati mbaya tu. Anza na taya. Baridi yabisi haiishii vidoleni. Inaweza kula maungio ya taya, pale mbele ya sikio. Yakishaliwa, taya la chini hurudi nyuma kidogo kidogo na kuusukumia ulimi kooni. Aliyeanza kuugua utotoni, mifupa ikiwa bado inakua, anaweza kubaki na taya dogo maisha yote. Toa picha zako za zamani, zile ulizopigwa kwa ubavu, ulinganishe na za sasa. Kidevu kimerudi nyuma? Meno ya mbele hayakutani kama zamani? Mwonyeshe daktari picha hizo.

Kisha shingo. Pingili mbili za juu kabisa za uti wa mgongo ni mahali ambapo baridi yabisi ya muda mrefu hupenda kushambulia. Zikilegea na kusogea, njia ya hewa iliyo mbele yake inaweza kubanwa, na hatari kubwa zaidi ni kubanwa kwa ugwe mgongo na sehemu ya ubongo inayoamuru kupumua. Ukiwa na maumivu ya kisogo yasiyoisha, ganzi mikononi, miguu inaishiwa nguvu, au ukiinamisha kichwa unahisi shoti ya umeme ikishuka mgongoni, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Nenda hospitali leo. Vivyo hivyo kwa sauti iliyokwaruza isiyopona, au mlio wa filimbi unapovuta hewa ukiwa macho. Ndani ya zoloto yamo maungio madogo sana, nayo hushikwa na ugonjwa huu.

Prednisolone nayo ina sehemu yake, na hapa ndipo ninapowasihi wasomaji wasimame kidogo. Dawa hii imeokoa figo na mapafu ya watu wengi, sitaki mtu aitupe. Lakini ikitumika kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu huleta njaa, huongeza uzito, na mafuta yake hupenda kukaa usoni, shingoni na tumboni. Shingo ikinenepa, koo linabanwa kutoka nje. Sasa fuata mkondo wenyewe: mgonjwa amechoka kwa sababu hapumui vizuri usiku, uchovu unadhaniwa ni lupasi, prednisolone inaongezwa, shingo inanenepa, pumzi inakatika zaidi, uchovu unazidi, anarudi kliniki. Kila mmoja humo ndani amefanya kazi yake kwa nia njema.

Yapo mengine ya kutaja kwa haraka. Figo zilizoharibiwa na lupasi huacha maji mwilini. Mchana yanajaa miguuni, usiku ukilala yanapanda kuelekea shingoni. Tezi ya shingo ikifanya kazi pungufu, jambo la kawaida kwa wenye magonjwa ya kinga kujishambulia, ulimi na koo huvimba. Wenye ugonjwa wa Sjögren, ambao mate yao yamekauka, wana koo ambalo kuta zake zikigusana hunata.

Usingizi uliokatwakatwa nao huulipa ugonjwa fadhila. Mtu aliyenyimwa usingizi huhisi maumivu kwa ukali zaidi, na tafiti zimeonyesha kwamba kukosa usingizi hupandisha mwilini kemikali za uvimbe kama IL-6 na TNF, zilezile ambazo dawa za kisasa za baridi yabisi zimetengenezwa kuzizuia. Juu ya hapo apnia hupandisha presha na kuusumbua moyo, kwa mtu ambaye tayari hatari yake ya kupata kiharusi na maradhi ya moyo ni kubwa kuliko ya jirani yake mzima. Presha inayokataa kushuka licha ya dawa tatu ni dokezo kubwa.

Kabla ya kwenda kwenye vipimo, tuseme la jinamizi. Wapo wanaoamka usiku wakihema, mkono shingoni, wakiwa na hakika kwamba kuna kitu kimewakaba, na shauri linaishia kwa mganga au kwa kisomo. Dua ni haki yako, siwezi kukukataza. Ila kuna tofauti ambayo unaweza kuipima mwenyewe. Ukiwa macho, unaona dari na unasikia sauti za nyumbani, lakini huwezi kuinua hata kidole kwa sekunde au dakika chache, huko ni kupooza kwa muda usingizini. Kunatisha lakini mara nyingi hakuna madhara. Ukikurupuka ukivuta hewa kwa pupa, mikono na miguu ikifanya kazi mara moja, moyo ukienda mbio na mdomo mkavu, hapo fikiria koo lililoziba.

Ushahidi unaanzia kitandani, na shahidi wa kwanza ni anayelala karibu nawe. Tatizo ni kwamba katika nyumba nyingi mume huona haya kumwambia mkewe kwamba anakoroma, ataonekana amemtusi. Mpe ruhusa wazi: "Baba Zuhura, usinifiche. Nikikoroma kisha nikanyamaza ghafla, hesabu mpaka utakaposikia napumua tena." Hicho kimya ndicho tunachokitafuta kuliko kelele. Mkoromo, kimya, kisha mshtuko wa kuvuta hewa kwa kishindo: hiyo ndiyo sahihi ya apnia, na kuieleza kwa daktari kuna uzito kuliko kusema tu "nakoroma".

Kama unalala peke yako, simu itatosha. Iweke kwenye chaji kando ya mto, si juu ya godoro, washa programu ya kurekodi sauti, ulale kama kawaida yako. Kesho yake usijichoshe kusikiliza usiku mzima. Ruka moja kwa moja hadi kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri. Usingizi wa ndoto hukithiri kuelekea mapambazuko, misuli ya koo hulegea zaidi wakati huo, na pumzi hukatika kwa urefu zaidi. Kata kipande cha dakika mbili au tatu ukitunze kwa ajili ya daktari.

Chukua pia tepu ya fundi cherehani, ile laini, uizungushe shingoni chini kidogo ya zoloto bila kuikaza. Dodoso la maswali manane lililotungwa Toronto mwaka 2008, ambalo hutumika duniani kote na huitwa STOP-BANG, huhesabu shingo inayozidi sentimita 40 kuwa alama ya hatari. Maswali mengine ni mkoromo, uchovu wa mchana, kuonekana ukikatika pumzi, presha, unene, umri unaozidi miaka 50 na kuwa mwanamume. Alama 3 au zaidi zinadai uchunguzi. Lakini tazama lilivyo: mwanamke wa miaka 34 mwenye lupasi anaanza akiwa amepoteza alama mbili, ya jinsia na ya umri, na halina swali hata moja kuhusu taya, pingili za shingo wala prednisolone. Kwa hiyo ukipata alama 2 na bado unasinzia kwenye daladala kila siku mpaka unapitilizwa kituo, usikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu ya dodoso.

Ukifika kliniki, sema kwa ufupi na kwa mpangilio. "Daktari, viungo vimetulia miezi kadhaa sasa, lakini nasinzia mchana, naamka na kichwa kinauma, mume wangu amenisikia nikikatika pumzi. Naomba tuangalie apnia kabla ya kugusa dozi." Mwombe pia apime vitu vingine vinavyochosha wagonjwa wa kinga, maana apnia si jibu la kila uchovu: wingi wa damu, tezi ya shingo, figo, sukari, na msongo au sonona, ambayo wengi huificha. Damu pungufu peke yake inatosha kumlaza mtu mchana.

Kipimo kamili cha usingizi hufanyika maabara, ukilala na waya kichwani, kifuani na miguuni. Maabara hizo katika ukanda wetu ni chache na zimejikusanya miji mikubwa. Kwa wengi kipimo cha nyumbani kinatosha: mshipi kifuani, kijimrija puani, na kishikizo cha kupima oksijeni kidoleni, unalala navyo usiku mmoja na kurudisha mashine asubuhi. Mwenye maradhi makubwa ya moyo au mapafu, au shingo inayobana ugwe mgongo, ndiye hasa anayehitaji maabara, kwa kuwa pumzi yake inaweza kukatika kwa sababu ubongo wenyewe umeacha kuamuru, si kwa koo kuziba.

Kile kishikizo cha kidoleni kina visa vyake. Futa rangi ya kucha, na kama una piko, tafuta kidole kisicho nayo. Vidole vinavyokuwa vyeupe au buluu kwenye baridi, kama inavyotokea kwa wenye ugonjwa wa ngozi kukakamaa na baadhi ya wenye lupasi, husomeka vibaya. Omba kishikizo cha sikioni au kwenye paji la uso. Tena, utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa vipima oksijeni hivi huweza kusoma juu kuliko hali halisi kwa watu weusi. Kwa hiyo matokeo "mazuri kidogo" kwa mtu mwenye dalili zote yasiufunge mjadala.

Tuseme imethibitika. La kwanza, pitia mfuko wako wa dawa. Diazepam, tramadol, kodini (pamoja na iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi), pregabalin na gabapentin huweza kulegeza koo au kupunguza msukumo wa kupumua, na ni dawa ambazo wagonjwa wa viungo hupewa mara kwa mara ili "wapate usingizi". Piriton inayomezwa usiku ili kulala haina maana hapa, na pombe ya jioni ni mbaya zaidi. Usiache chochote ghafla, hasa prednisolone, kwani kuikatisha kwa mkupuo ni hatari kwa maisha. Peleka orodha nzima kwa daktari aamue. Ulizia pia kama dozi ya prednisolone inaweza kumezwa asubuhi, isikukeshe.

Uzito una maana kwa walionao wa ziada. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba kupungua asilimia 10 ya uzito kuliendana na matukio ya apnia kushuka kwa takriban robo. Mwezi Desemba 2024 Marekani iliidhinisha tirzepatide, sindano ya kupunguza uzito, kwa watu wanene wenye apnia ya kati na kali. Ni ghali, na si kila mwenye lupasi atafaa. Usiagizie mitandaoni.

Kulala ubavu husaidia wengi, lakini mwambie mwenye bega lililovimba alale ubavu uone atakavyokutazama. Badala yake inua kichwa cha kitanda chote kwa kuweka vipande vya mbao imara vya urefu sawa chini ya miguu miwili ya upande wa kichwani. Usirundike mito mitatu. Mito mingi huikunja shingo, kidevu kinagusa kifua na koo linabanwa zaidi. Na shingo ya baridi yabisi haitaki kukunjwa usiku kucha. Vile vifaa vya mdomoni vinavyolivuta taya mbele vina kazi nzuri kwa watu wengine, ila kama maungio ya taya yako yameshashambuliwa, pata kwanza maoni ya daktari wa meno anayeujua ugonjwa wako.

Kwa apnia ya kati na kali, tiba kuu ni mashine ya CPAP inayosukuma hewa kupitia barakoa na kuliweka koo wazi. Ilibuniwa na daktari Colin Sullivan huko Sydney, ambaye mwaka 1981 alichapisha matokeo ya wagonjwa wake watano wa kwanza. Mashine za awali zilitumia mota ya kifyonza vumbi na barakoa iliyobandikwa puani kwa gundi. Za leo ni ndogo na kimya. Haitatibu baridi yabisi yako wala lupasi yako, na dawa zako zitaendelea palepale. Kinachotarajiwa ni usingizi mzima, kusinzia kupungua, na presha kushuka kwa kiasi.

Barakoa ndiyo itakayoamua kama utaitumia au utaifungia kabatini, kwa hiyo ijaribu kabla ya kulipa. Vidole vilivyopinda haviwezi vifungo vidogo. Fanya mazoezi ya kuivua mchana, ukiwa umefumba macho, na mwenzako ajue kuivua pia. Zipo za sumaku, rahisi sana kufunga, ila haziwafai wenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au chuma fulani mwilini, wala wanaolala karibu na mtu wa aina hiyo. Mwenye mdomo uliopungua kwa ngozi kukakamaa hufaa zaidi zile ndogo zinazokaa kwenye tundu za pua. Mwenye Sjögren asinunue mashine isiyo na tangi la maji lenye kipasha joto, na ahakikishe hewa haivuji juu ya barakoa, maana itayakausha macho ambayo tayari ni makavu.

Maji ya tangi yawe yaliyotoneshwa. Usitumie ya kisima, hasa ya chumvi kama ya pwani, wala maji ya betri ya kituo cha mafuta. Ukikosa kabisa, yaliyochemshwa na kupoa yatafaa kwa siku chache. Mwaga na ubadilishe kila siku, osha barakoa kwa sabuni laini kila asubuhi. Dawa unazotumia zimepunguza kinga, na ukungu ndani ya mrija hauna huruma. Mrija upitishe chini ya pindo la chandarua, upande wa kichwani, kisha uchomeke pindo vizuri chini ya godoro. Umeme ukikatika mara nyingi utaamka, na barakoa zina matundu ya kutolea hewa, hutakosa pumzi. Lakini betri ya akiba ni matumizi ya maana. Ukiwa kwenye betri, zima kipasha joto, kwani ndicho kinachokula umeme mwingi.

Mashine za mitumba zinauzwa sana na bei inavutia. Kabla hujatoa hela, soma jina na namba iliyoko chini yake. Juni 2021 kampuni ya Philips iliwaita wateja warudishe mamilioni ya mashine kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele iliweza kumeguka na kuvutwa na mtumiaji. Muulize pia wakala wa bima yako, kwa maandishi, kama inalipia kipimo, mashine, au kimojawapo tu.

Mpaka tiba ianze kufanya kazi, usiendeshe gari wala bodaboda ukiwa bado unasinzia mchana. Na siku utakapopangiwa upasuaji, hata wa goti au wa kujifungua, mtafute anayetoa nusukaputi kabla ya siku yenyewe umwambie mambo mawili: una apnia, na shingo yako ina baridi yabisi. La kwanza litabadilisha dawa za maumivu atakazokupa baadaye, la pili litabadilisha namna atakavyokiweka kichwa chako akiingiza mpira kooni. Mwombe aagize picha ya shingo, na uingie wodini na mashine yako mkononi, si ya kuletewa kesho.